Kitenzi “get” cha Kiingereza: je, kina maana moja au maana mia?

Mpenda Lugha anauliza:

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nyote.

Naomba mnisaidie katika jambo ambalo kamusi ninazozitumia hazijanitatulia. Ninasoma Kiingereza kwa kiwango cha kuweza kufuata makala za sheria na za uchumi bila taabu kubwa, na yale maneno marefu yenye asili ya Kilatini hayanitishi, kwa sababu mengi kati yake yana maana moja au mbili, na ukishazijua umemaliza kazi. Linalonishinda ni neno la herufi tatu ambalo mtoto wa Mwingereza hulitumia kabla hajaanza shule, yaani “get”.

Tazameni sentensi hii niliyoitunga ili kuonyesha tatizo lenyewe: “When I got home I got a letter, and although I didn't get all of it, I got so angry that I got my brother to read it again.” Nikiitafsiri, nasema: Nilipofika nyumbani nilipokea barua, na ingawa sikuielewa yote, nilikasirika sana hata nikamshawishi kaka yangu aisome tena. Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja mara tano, Kiswahili kimelazimika kutumia vitenzi vitano tofauti, na katika vitano hivyo hakuna “pata” hata mara moja, ilhali “pata” ndiyo maana ambayo kamusi huitanguliza.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, je, hayo ni maneno mbalimbali yaliyotokea kufanana kwa sauti, kama kaa la moto na kaa wa baharini, au ni neno moja lililopanuka? Pili, je, ni kweli kwamba hili ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza, kama nilivyosikia watu wakidai? Tatu, na hili ndilo ninalolihitaji zaidi, msomaji au msikilizaji afanyeje ili aitambue maana iliyokusudiwa bila kukariri orodha isiyo na mwisho?

Mwalimu wa Sarufi anajibu:

Ndugu Mpenda Lugha, ahsante kwa swali ulilolipanga vizuri. Nitaanza na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: si kweli. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, neno lililopewa nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa “set”, ambalo kama kitenzi lilikuwa na maana zaidi ya 400. Na wahariri wa kamusi hiyo walipolipitia upya neno “run” kwa ajili ya toleo linalofuata, walifikia maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Neno “get” ni miongoni mwa vigogo, lakini halishiki nafasi ya kwanza. Hata hivyo, takwimu hizo zisikutishe. Kamusi ya kihistoria huhesabu kila tofauti ndogo ya matumizi, yakiwemo matumizi yaliyokufa karne nyingi zilizopita, na mpaka kati ya maana moja na nyingine ni uamuzi wa mhariri. Pale ambapo mhariri mmoja anaona maana tatu, mwenzake anaweza kuona moja tu inayotumika katika mazingira matatu.

Kuhusu swali la kwanza, hilo ni neno moja. Asili yake ni lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambao kuanzia karne ya 9 walifanya makazi kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Wao walikuwa na kitenzi “geta”, maana yake kupata au kufikia, na kufikia takriban mwaka 1200 kitenzi hicho kilikuwa kimeingia katika Kiingereza. Kiingereza cha kale kilikuwa tayari na ndugu wa kitenzi hicho, ila aliishi ndani ya vitenzi virefu tu, na mabaki yake tunayo hadi leo katika “beget”, yaani kuzaa, na katika “forget”, ambacho kwa asili ni kuachia kile ulichokuwa umekishika, na ndiyo kusahau.

Ukirudi nyuma zaidi, wanaisimu wanakihusisha kitenzi hiki na mzizi wa kale sana uliomaanisha kushika au kukamata, mzizi uleule uliozaa kitenzi cha Kilatini “prehendere”. Kutoka kwenye Kilatini hicho Kiingereza kimepata “prison”, mahali pa waliokamatwa, na “comprehend”, yaani kuelewa. Nalitaja hili kwa sababu linaondoa ugeni wa “get” yako ya tatu. Njia ya kutoka kushika kwa mkono hadi kushika kwa akili imepitiwa na lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Mwalimu huwauliza wanafunzi kama wamelishika somo, na mtu aliye kwenye simu huuliza, “Unanipata?” Anayejibu kwamba anampata vizuri hajapokea kitu chochote mkononi, lakini hakuna Mswahili anayeshangaa.

Sasa nije kwenye swali la tatu. Wazo lililo chini ya matumizi karibu yote ya “get” ni badiliko: mtu au kitu kinatoka katika hali ya kutokuwa na jambo fulani na kuingia katika hali ya kuwa nalo. Kitenzi chenyewe hakisemi zaidi ya hapo. Ni jambo gani lililoingia, hilo husemwa na maneno yanayokifuata, na kwa hiyo jicho la msomaji lisikwame kwenye “get”, bali litazame mara moja kile kilichoandikwa baada yake. Kikifuatwa na nomino, badiliko ni la umiliki: kupata, kupokea, kununua, kuletewa, hata kuambukizwa ugonjwa. Kikifuatwa na mahali, badiliko ni la mahali, yaani kufika, kuingia au kutoka. Hapo mara nyingi kuna dokezo la jitihada au kizuizi ambalo “arrive” haina, na ndiyo maana mtu aliyemkuta mgeni ndani ya nyumba iliyofungwa atauliza “How did you get in?”, kwa maana ya umewezaje kuingia.

Kikifuatwa na kivumishi, badiliko ni la hali, na hapa ndipo naona wanafunzi wengi wakiharibu tafsiri. “Get tired”, “get wet”, “get drunk”, “get old” na “get well” hutafsiriwa na baadhi yao kwa kutafuta neno la “kuwa” na kisha sifa, wakatoa sentensi kama “alikuwa mwenye kuchoka”, ambayo haina uhai. Kiswahili hakihitaji vipande viwili, kwa kuwa vitenzi vyake vinalibeba badiliko ndani yake: kuchoka, kulowa, kulewa, kuzeeka, kupona. Ukikutana na “get” yenye kivumishi, jiulize kwanza kama Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachotosha, nawe utakikuta mara nyingi kuliko unavyotarajia. Hata “get married” ina kitenzi chake, ila Kiswahili kitakudai ueleze kama mhusika ameoa au ameolewa, jambo ambalo Kiingereza hakilisemi.

Kama ungependa kuona jinsi kitenzi kinavyoweza kuwa chepesi kiasi hicho na bado kisilete mkanganyiko, tazama “piga” katika lugha yetu. Tunapiga simu, pasi, picha, magoti, mbizi na kura, na hakuna anayedhani kwamba mpiga kura amemchapa mtu. Nomino inayofuata ndiyo inayobeba maana, nasi tumezoea kuisikiliza hiyo nomino tangu utotoni. Mzawa wa Kiingereza hufanya vivyo hivyo na “get”.

Mfasiri wa Nyaraka anajibu:

Namuunga mkono Mwalimu katika mengi, na hasa katika ushauri wa kutazama kinachofuata. Hata hivyo, naona kanuni yake inahitaji kukamilishwa katika matumizi mawili ambayo ndiyo yanayowatesa zaidi wafasiri: pale “get” inapofuatwa na kitenzi katika umbo la kutendwa, na pale inapomaanisha kumfanya mwingine atende.

Chukueni sentensi “The window was broken”. Ina tafsiri mbili, kwa sababu inaweza kueleza hali, kwamba dirisha lilikuwa bovu wakati huo, au kueleza tukio, kwamba mtu alilivunja. Mzungumzaji akisema “The window got broken”, utata huo unaondoka, kwa kuwa “get” haielezi hali iliyotulia. Inaeleza tukio tu. Kiswahili kinatimiza kazi hiyo kwa minyambuliko yake, na kwa maoni yangu kinaitimiza kwa ustadi mkubwa zaidi. Tuna “lilivunjika” na tuna “lilivunjwa”. La kwanza linataja tukio bila kumtafuta mhusika, na la pili linaashiria kwamba yupo mtu aliyetenda, hata kama hatajwi. Kwa “got broken” ya dirisha, mara nyingi “lilivunjika” ndilo linalolingana, na mfasiri anayeandika “lilivunjwa” anaweza kuingiza ndani ya habari mkosaji ambaye mwandishi hakumweka. Katika ripoti ya bima au ya polisi tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Lakini mtu asije akaifanya hiyo kuwa sheria ya jumla. “He got fired” na “she got promoted” ni matendo ambayo hayawezi kutokea bila mkono wa mtu mwingine, na Kiswahili kitasema alifukuzwa kazi na alipandishwa cheo. Hapo mnyambuliko wa kutendwa ndio unaofaa, na swali linalobaki ni jingine: kama “was fired” ipo, kwa nini mtu achague “got fired”? Kuna sababu ya mtindo, kwa kuwa “got” ni ya mazungumzo. Ila ipo pia sababu ya maana. Umbo la “get” hulielekeza jicho la msikilizaji kwa yule aliyefikwa na jambo, liwe baya au jema, na mara nyingi huacha nafasi ya kufikiri kwamba yeye mwenyewe alichangia. Ndiyo maana Kiingereza kinaweza kuongeza nafsi hapo na kusema “he got himself arrested”, yaani alijitakia mwenyewe kukamatwa, wakati “he was himself arrested” ni habari nyingine kabisa. Na kwa kuwa umbo hili hudai tukio, halikubali kwa urahisi vitenzi vinavyoeleza hali isiyobadilika: watu husema kwamba mtawala “was feared by everyone”, lakini “got feared” haikubaliki masikioni mwa mzawa.

Matumizi ya pili ni ile “get” ya mwisho katika sentensi ya Ndugu Mpenda Lugha, “I got my brother to read it”. Kiingereza kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana hapa, na tofauti zake zinapotea tukivitafsiri vyote kwa “kumfanya”. Ukisema “I made him sign”, ulimlazimisha. Ukisema “I had him sign”, ulimwagiza au mlipanga hivyo, na hakukuwa na mvutano. Ukisema “I got him to sign”, palikuwa na kazi ya kumshawishi, kumbembeleza au kumwelewesha, na hatimaye ulifaulu. Sarufi yenyewe inaitenganisha hii ya tatu, kwa sababu ndiyo pekee inayotaka neno “to” kabla ya kitenzi kinachofuata. Naona Ndugu yetu alifanya vema kuchagua “nikamshawishi”.

Halafu ipo sura nyingine ya matumizi hayohayo, “get something done”, ambapo anayetenda hatajwi. “I got the roof repaired” ni kwamba nilimtafuta fundi akatengeneza paa, na Kiswahili kinaweza kusema “nilitengenezesha paa”, ingawa katika mazungumzo ya kawaida watu hutosheka na “nilitengeneza paa”, kila mmoja akijua kwamba msemaji hakupanda juu mwenyewe. “I got my hair cut” ni “nilinyolewa”. Sasa linganisheni na “He got his finger caught in the door”. Mpangilio wa maneno ni uleule, lakini hakuna mtu anayeagiza kidole chake kibanwe. Hii ni ajali, nasi tutasema “alibanwa kidole na mlango”. Hakuna alama yoyote ya kisarufi inayotenganisha jambo lililoagizwa na balaa lililompata mtu. Kinachotenganisha ni ujuzi wetu wa ulimwengu, na mfasiri asiyesimama kufikiri atamfanya mtu aonekane ameagiza msiba wake.

Niseme pia neno moja kuhusu mtindo, kwa kuwa walimu wengi wa Kiingereza huwakataza wanafunzi wao kutumia “get” katika insha. Mizizi ya katazo hilo ni ya kihistoria. Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliendelea kuingia kwa wingi kupitia mahakama, serikali na elimu, na hadi leo “obtain”, “receive” na “arrive”, ambayo yote yalipitia Kifaransa, yanasikika kuwa ya heshima na ya maandishi, huku “get” ikisikika kuwa ya nyumbani. Katika mkataba ninakubaliana na katazo hilo, kwa sababu mkataba unataka neno lenye maana moja, na “the tenant shall get the keys” haielezi kama mpangaji atakabidhiwa funguo au atakwenda kuzichukua. Nje ya hapo, katazo hilo limewadhuru wanafunzi. Wengi wanaandika Kiingereza ambacho kila mtu ndani yake “obtains” na hakuna ambaye “gets”, hata katika barua kwa rafiki, na wanapokutana na mzungumzaji wa kweli hawamwelewi, kwa kuwa waliambiwa kwamba neno hilo ni duni, nao wakaacha kujifunza.

Msomaji wa Riwaya anajibu:

Nina la kuongeza kuhusu vile vipande vidogo vinavyoandamana na “get”, maana wachangiaji waliotangulia wamevigusa kidogo tu, ilhali katika riwaya na tamthilia ndivyo vinavyojaa kila ukurasa.

Vingi kati yake vinaweza kufunguliwa kwa kutazama picha iliyomo. “Get over” ni kuvuka juu ya kitu, na huzuni au ugonjwa ukiuvuka umepona. “Get across” ni kuvusha, na wazo likivushwa hadi kwa msikilizaji limefika. “Get away with” ni kuondoka nalo, yaani kutenda kosa na kuponyoka bila adhabu. “Get by” ni kupita ukingoni bila kuanguka, na hivyo kumudu maisha kwa kipato kidogo. “Get through” ni kupenya, na kwa hiyo inafaa kwa kumaliza kipindi kigumu na pia kwa kumpata mtu kwenye simu. Vingine havifunguki kirahisi. “Get at” inaweza kuwa kukifikia kitu kilichofichika, inaweza kuwa kukusudia kusema jambo, kama katika “What are you getting at?”, na katika Kiingereza cha Uingereza inaweza pia kuwa kumsimanga mtu mara kwa mara. Hii ya mwisho sikuweza kuikisia kwa picha yoyote. Niliielewa kwa kuikuta katika mazungumzo ya wahusika ambao chuki yao ilikuwa wazi.

Kuhusu vyombo vya usafiri, ipo kanuni inayosaidia sana. Kwa basi, treni, meli na ndege, Kiingereza husema “get on” na “get off”. Kwa gari dogo na teksi husema “get in” na “get out”. Kwa ujumla, chombo ambacho abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua “on”, na kile anachoinama na kuketi moja kwa moja huchukua “in”. Baiskeli, pikipiki na farasi nazo huchukua “on”, kwa sababu mtu huketi juu yake. Sisi husema kupanda na kushuka kwa vyote hivyo, na kwa hiyo tofauti hiyo haitujii yenyewe, inabidi kuitafuta.

Na kwa kuwa Ndugu Mpenda Lugha aliuliza kuhusu maneno yaliyofanana kwa bahati tu, ipo “get” moja ambayo kweli ni neno jingine kabisa. Katika sheria ya dini ya Kiyahudi, “get” ni hati ya talaka ambayo mume humkabidhi mke, na neno hilo limetoka katika lugha za Kisemiti, bila undugu wowote na kitenzi tunachokijadili. Likitokea katika maandishi ya Kiingereza huwa ni nomino, na muktadha wa ndoa hulitambulisha mara moja. Kwa upande mwingine, “GET” ya herufi kubwa ambayo mafundi wa kompyuta wanaijua ni kitenzi chetu hikihiki. Ndiyo amri ambayo kivinjari huituma kwa seva ili kuomba ukurasa, na katika itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kwanza ya wavuti, ya mwaka 1991, ndiyo iliyokuwa amri pekee. Hapo maana yake ni “niletee”.

Mpenda Lugha anaandika:

Nawashukuru sana. Maelezo ya Mfasiri kuhusu “lilivunjika” na “lilivunjwa” yamenifungulia kitu ambacho sikukitarajia, kwani nimeona kwamba sarufi ya lugha yangu mwenyewe ilikuwa na jibu kabla sijalitafuta katika lugha ya wengine.

Naomba kuuliza jambo moja la mwisho, na hasa namwelekea Mwalimu. Nimeona waandishi wa Marekani wakiandika “gotten” ambapo wa Uingereza wanaandika “got”. Je, ni tofauti ya tahajia tu? Na je, inahusiana kwa namna yoyote na “have got to”, ambayo nimefundishwa kuwa ni “lazima”? Ninauliza kwa sababu nimekutana na sentensi “I got to meet the author”, nikaitafsiri “ilinilazimu kukutana na mwandishi”, na aya nzima ikakataa kueleweka, kwa kuwa msimulizi alikuwa amejawa na furaha.

Mwalimu wa Sarufi anajibu:

Ndugu yangu, furaha ya msimulizi ilikuwa ikikuonyesha njia, nawe ulifanya vizuri kuisikiliza. Mambo hayo mawili yanahusiana, na nitayaeleza pamoja.

Umbo “gotten” ni la zamani, nalo lilitumika Uingereza kabla halijafifia huko. Mabaki yake Waingereza wanayo hadi leo katika “forgotten”, na katika “ill-gotten”, yaani kilichopatikana kwa njia ya haramu. Marekani ililihifadhi, na Wamarekani wamelipatia kazi maalumu, kwa hiyo si tofauti ya tahajia tu. Mmarekani akisema “I've got a car”, anasema ana gari sasa hivi. Akisema “I've gotten a car”, anasema amelipata, yaani analitaja tukio la kulipata. Vivyo hivyo atasema “it has gotten cold”, kwa maana kumekuwa baridi, kwa kuwa hilo ni badiliko. Kwa ufupi, “gotten” hubaki na lile wazo la badiliko ambalo nilisema ndilo kiini cha kitenzi hiki, na “have got” imeliacha wazo hilo ikawa ya kumiliki tu. Mwingereza anatumia “got” kwa yote mawili na kuuachia muktadha kazi ya kuyatenganisha.

Njia ya kutoka “nimepata” hadi “ninacho” si ngumu kuifuata, kwa kuwa mtu aliyepata kitu kwa kawaida anacho. Kutoka hapo Kiingereza kilipiga hatua nyingine: aliye na jambo la kufanya ana wajibu wa kulifanya, na hivyo “I have got to go” ikawa ni lazima niende. Katika mazungumzo “have” hulegea hadi kupotea, ikabaki “got to”, ambayo wengine huiandika “gotta”.

Sentensi yako, hata hivyo, haikutoka katika njia hiyo. “I got to meet the author” ni wakati uliopita wa “get to”, yaani kupata nafasi ya kufanya jambo, na Kiswahili kina umbo linalolingana nalo karibu neno kwa neno: “nilipata kukutana na mwandishi”. Ni “pata” ileile tunayoisikia katika “sijapata kuona jambo kama hili” na katika “tulipata kufahamiana”. Ile “pata” uliyosema haikutokea hata mara moja katika tafsiri ya sentensi yako ya kwanza inatokea hapa bila kulazimishwa.

Ili kuzitenganisha, tazama mambo mawili. La kwanza ni wakati. “Got to” ya lazima huzungumzia sasa au baadaye; wajibu wa wakati uliopita Kiingereza huueleza kwa “had to”. Kwa hiyo “got to” ikiwa ndani ya simulizi la mambo yaliyokwisha kutokea, kama ilivyokuwa katika kitabu chako, karibu kila mara ni ya kupata nafasi. La pili ni sauti ya mwandishi kuhusu jambo lenyewe: nafasi ni kitu ambacho mtu hukifurahia, na wajibu mara nyingi ni mzigo. Wamarekani wana msaada wa ziada, kwa kuwa kwao “I've got to meet him” ni lazima nikutane naye, na “I've gotten to meet him” ni nimepata kukutana naye. Katika maandishi ya Uingereza msaada huo haupo, na huko utategemea yale mawili ya kwanza.